Kivungulio Changu na Minazi ya Mjomba

Aprili 3

Mpishi mkuu wa hoteli ninayoipelekea mboga huko Diani ameniambia leo, tena mbele ya vijana wake wa jikoni, kwamba hataki tena kusikia habari za mvua. "Mama Twaiba, wageni hawali hadithi, wanakula nyanya." Mimi kuambiwa hivyo! Mimi niliyepika katika jiko lile lile kabla yeye hajajua kushika kisu! Nilicheka kwa adabu, nikachukua makapu yangu, na njia nzima hadi Mwabungo nikawa namjibu peke yangu. Watu wakanitazama.

Lakini amesema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Masika ya mwaka jana nyanya zangu zilioza zote zikiwa bado kijani. Zikioza na mwaka huu, atatafuta muuzaji mwingine na hatanirudia, nami sina kazi nyingine. Basi nitajenga kivungulio. Redioni ndivyo wanavyoiita ile nyumba ya nailoni ya kukuzia mboga. Watu wengine wote wanasema grinhausi. Kiitwe watakavyo, mimi nakitaka kisimame kabla mvua haijakolea.

Aprili 6

Nimekwenda Ukunda kwa Hannah, msichana wa bara anayeuza vivungulio. Kanionyesha picha kwenye simu mpaka macho yakaniuma.

"Mathe, chukua hii. Imefungwa kila mahali, hata upepo hauingii. Kwetu Limuru watu wanavuna mpaka wanachoka."

"Limuru kuna baridi, mwanangu."

"Si nyanya inapenda joto?"

Nikamwuliza kama amewahi kulala Mwabungo mwezi wa pili, madirisha yote yamefungwa. Akasema yeye analala na feni. Nikamwambia haya, basi nyanya zangu nazo zitataka feni. Hakuniuzia kitu, nami sikununua.

Aprili 9

Nimekwenda Msambweni kuona kwa macho yangu. Kuna kikundi cha kina mama kilicholetewa kivungulio kama kile cha Hannah, nailoni juu, nailoni ubavuni, mlango wa zipu. Niliingiza kichwa nikakitoa hapo hapo. Ilikuwa kama kufunua sufuria ya pilau. Mwenyekiti wao akaniambia maua yalikuwa yanapukutika kabla ya kuzaa, na sasa wanaanikia nguo na kulaza kuku humo.

Nani aliyewaletea kitu kile bila kuwauliza jua la kwao likoje? Hakuna ajuaye. Walikuja, wakapiga picha, wakaenda zao. Nilirudi nyumbani damu inachemka, lakini nimejua ninachotaka: paa la nailoni la kuzuia mvua, juu kabisa uwazi wa kutolea joto, na ubavu wote neti ya kuzuia wadudu, hewa ipite. Nguzo za mvinje. Fundi ni Charo, anayeezeka makuti hoteli zote hizi na hajapata kuniudhi.

Aprili 10

Hannah amekubali kuniuzia nailoni na neti tu. Amenuna, lakini amekubali.

Aprili 13

Sasa mahali. Nilidhani hili ndilo jepesi.

Shamba hili alituachia marehemu mama, mimi na mdogo wangu Swabir. Hatujaligawa. Swabir na mkewe Bushra wana nyumba yao upande wa kushoto, mimi nina yangu kulia, na katikati tunapita sote. Mbele, kuelekea barabarani, pana sehemu ya wazi iliyoinuka kidogo: jua kutwa nzima, kisima hapo karibu, maji ya mvua hayatuami. Nyuma ni bondeni, na juu yake imesimama minazi ya Mjomba Abdulkadir, kaka yake mama. Ardhi ya mama, minazi ya mjomba. Aliipanda kwa mkono wake akiwa kijana, na huku kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata ukisimama kwenye ua wa mtu mwingine. Hatujawahi kugombana kwa hilo.

Charo hakusita. "Mbele, mama. Upande mwembamba tuutazamishe kusi, upepo usije ukalibeba paa."

Tulikuwa tunachomeka vijiti vya kupimia Mjomba akatokea na bakora yake, kanzu nyeupe pe! Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa ile sauti yake inayonifanya nijione mtoto mwema.

"Mwanangu, hapa mbele hapafai. Vumbi la barabara. Wezi. Kila mpita njia atatia jicho lake humo. Kipeleke kule nyuma, chini ya minazi, kitulie."

"Kule kuna kivuli, mjomba."

"Jua la huku linaunguza, wewe mwenyewe umesema. Kivuli ni rehema."

Swabir naye akatoka, akasema dada msikilize mjomba. Tena haraka, kama aliyekuwa akingoja zamu yake. Bushra alikuwa anaanika nguo. Akasema kwa sauti bila kugeuka: "Nyuma maji yanatuama. Wallahi zitaoza mizizi."

Nani alimwuliza? Huyu mwanamke tangu aolewe kutoka Wasini mdomo wake haujapata likizo. Najua lake: nyuma ni karibu na jiko lake, hataki watu wapite hapo. Nikamjibu kwamba nyanya ni zangu na mizizi ni yangu.

Nimekubali nyuma. Charo aling'oa vijiti kimya kimya, na kimya chake hakikunipendeza.

Aprili 14

Mvua ya kwanza. Nimekaa dirishani natazama bondeni. Maji yalisimama kidogo, kisha yakaondoka. Kidogo tu.

Aprili 22

Kivungulio kimesimama! Nguzo zimenyooka, paa linang'aa, neti imevutwa barabara. Tumeinua matuta juu ili maji yasifike kwenye mizizi. Mjomba alikuja akasoma dua mlangoni, akaniambia mama yako angefurahi. Nililia. Nayaandika hayo leo ili niyakumbuke.

Aprili 23

Nimepandikiza miche yote.

Aprili 30

Mvua. Kivuli. Miche imerefuka kama watu wanaochungulia ukutani, inatafuta jua. Bushra kapita na ndoo akatazama, hakusema neno. Afadhali angesema.

Mei 6

Nimetoka Diani saa nne nikakuta kivungulio changu kimetobolewa paa.

Si tundu. Paa lote la upande wa mashariki limechanika, uti wa kati umevunjika, na juu ya matuta yangu zimelala nazi, vichala kwa vichala, miche imelala chini yake. Juu ya mnazi yuko mkwezi, kijana wa watu, anaendelea kuangua. Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka.

"Nimetumwa na Mzee Abdulkadir, mama. Kaniambia niangue yote."

"Hukuona kuna nyumba hapa chini?"

"Niliona. Nikamwuliza. Akasema endelea."

Akasema endelea! Aliyenisomea dua mlangoni! Nilikwenda kwake vile vile nilivyo, matope miguuni, sikumbuki kama nilipiga hodi. Alikuwa anakunywa kahawa na jamaa zake wa msikitini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ataita wazee Ijumaa baada ya sala, mambo ya nyumbani yazungumzwe kwa utaratibu. Akanikaribisha kahawa. Sikuitaka kahawa yake.

Mei 9, Ijumaa

Wazee wa mtaa walikuja watatu, wakakaa barazani kwa Mjomba, yaani mshtakiwa ndiye mwenye mikeka na ndiye mwenye tende. Mimi nilikaa pembeni na kanga yangu kichwani. Swabir alikaa upande wa Mjomba.

Nilieleza. Sikutukana, nashukuru. Nilisema yeye ndiye aliyeniambia nijenge pale, na yeye ndiye aliyemtuma mkwezi. Nikaomba anirudishie paa na aikate minazi miwili inayokiinamia, au aniahidi kutoangua bila kuniambia. Ni maombi ya mtu mwenye kiburi hayo?

Mjomba alisimama. Anapenda kusimama.

"Wazee wangu, mnazi ni wa aliyeupanda. Mimi nilipanda, mimi naangua, siku nitakayo. Dada yangu alipokuwa hai hakunizuia. Hata ardhi hii iuzwe leo, iuzwe mara saba, anunue nani, mnazi wangu utabaki wangu, na hapana mkono utakaoung'oa bila ridhaa yangu. Hiyo ndiyo desturi yetu na nyinyi ni mashahidi. Anayejenga chini yake basi ajilinde kichwa."

Wazee wakaitikia. Ni kweli, wakasema, desturi ndiyo hiyo. Mimi nikapewa pole. Pole! Nikaambiwa pia nimwombe radhi mjomba wangu kwa kumwendea kwa kelele mbele ya wageni. Nikamwomba radhi. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, lakini nikaomba, maana ndivyo tulivyolelewa.

Nimerudi nyumbani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mei 10

Sijatoka.

Mei 12

Mpishi amepiga simu. Nimemwambia mwezi wa nane. Akasema "tutaona", kwa sauti ya mtu ambaye hataona.

Mei 15

Leo ninaandika mengi.

Nilikuwa bondeni naokota vipande vya nailoni, maji yamenifika vifundoni. Ndiyo, maji yanatuama. Yamesimama siku tatu sasa, kama alivyosema Bushra. Mwenyewe akaja akainama akaanza kuokota pamoja nami bila salamu. Nilitaka kumwambia aniache. Kisha akasema, akiwa bado ameinama:

"Wifi, hukujiuliza kwa nini hawakutaka ujenge mbele?"

"Vumbi. Wezi."

"Mbele pameuzwa."

Nilidhani sikusikia. Akasema tena. Mbele yote, kutoka kisimani hadi barabarani, ameahidiwa mtu wa Nairobi anayejenga nyumba za kupangisha wageni. Mjomba na Swabir walikubaliana naye tangu Ramadhani. Mpima ardhi anakuja baada ya mvua kupungua. Mimi ningeambiwa siku ya kutia saini, wakati maneno yamekwisha, na ningetia, kwa sababu mimi Twaiba simkatai mjomba wangu.

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye ninayepika chai yao, wifi. Wanaongea kama vile anayemimina hana masikio."

"Na mbona hukuniambia?"

Akanitazama sasa. "Nilikuambia nyuma maji yanatuama. Nilisema kwa sauti ya juu, nikiwa naanika nguo, mume wangu amesimama hapo. Zaidi ya hapo ningesema nini? Wewe ukanijibu mizizi ni yako."

Miaka yote hii nimemwita mwenye mdomo. Mjomba nimemwita baba. Ndugu yangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni, amekaa na mtu baki kuuza jasho la mama yetu, wakanitupa bondeni na nyanya zangu ili mbele pabaki safi kwa mpima! Hata ile dua! Alinisomea dua ya kunifukia!

Bushra akasema: "Usiseme nimekuambia." Nikamwapia sitasema.

Mei 16

Nimemwita Charo. "Tunahama," nikamwambia. "Wapi?" Nikanyoosha mkono. Akacheka mpaka akakohoa.

Mei 19

Niliwaza neno moja la Mjomba siku zote hizi: hata ardhi iuzwe mara saba. Mbona alitaja kuuza? Lilimtoka. Alikuwa nalo mdomoni, likamponyoka, na alilitoa mbele ya mashahidi watatu.

Basi haya. Leo Charo ameleta kutoka Msambweni pikapu imejaa miche. Nguzo za kivungulio zimechomekwa mbele, pale pale palipokuwa na vijiti vya kwanza, upande mwembamba ukitazama kusi. Na kukizunguka, mbali kidogo kisipate kivuli, hadi ukingo wa barabara, nimepanda minazi. Miche mifupi, majani mawili matatu kila mmoja. Nimechimba mashimo kwa mkono wangu, nikatia samadi kwa mkono wangu, na kila jirani aliyepita nilimsimamisha. "Unaona ninapanda? Nani anapanda?" Wakadhani nimerukwa na akili. Wakajibu: "Wewe, Mama Twaiba."

"Basi kumbukeni."

Swabir alitoka shati mkononi. "Dada, unafanya nini?"

"Napanda minazi, mdogo wangu. Mwenyewe Mjomba kasema mnazi ni wa aliyeupanda na hapana mkono utakaoung'oa."

Rangi ilimtoka. Akaingia ndani, nikasikia simu.

Mei 20

Mjomba alikuja. Alisimama mbele ya miche muda mrefu, akiipitia mmoja mmoja kwa macho. Nikamwamkia. Hakuitika. Mara ya kwanza maishani mwangu shikamoo yangu imerudi mikono mitupu. Ilinichoma, sitasema uongo. Lakini hakugusa hata jani.

Mei 28

Paa jipya limefungwa. Hannah mwenyewe amekuja kuona. Akaingia, akasimama katikati. "Mathe, huku ndani kuna hewa poa kushinda ofisi yetu." Akapiga picha. Nikamwambia awaonyeshe wale wa Msambweni kwanza, kabla hajamwonyesha mteja mwingine yeyote.

Mei 29

Nimepandikiza upya. Jua toka alfajiri.

Juni 3

Mpima ardhi kaja na mnunuzi, bwana mwenye miwani, mpole. Alitazama kivungulio, akatazama miche, akauliza ni ya nani. Nikasema ya kwangu, na mimi ni mrithi wa shamba hili, na sijauza kitu. Akamgeukia Mjomba: "Mzee, uliniambia hakuna mtu mwingine." Mjomba akasema ni mambo ya kifamilia. Yule bwana akasema yamalizwe kwanza basi hayo mambo ya kifamilia, yeye hanunui kesi. Wakaondoka na vyombo vyao.

Niliingia kivungulioni nikakaa juu ya ndoo na kucheka. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Juni 4

Kicheko changu kimelipwa, na hakikulipwa na mimi.

Swabir alikaa usiku kucha akitafuta ni nani aliyenieleza, na watu waliokuwa wanajua ni wachache. Asubuhi nilisikia vitu vinaanguka. Nilipotoka, sanduku la Bushra lilikuwa uani, nguo zake zimemwagika kwenye matope, na yeye amesimama kando yake amevaa buibui, mikono imening'inia. Swabir akapiga kelele ili mtaa wote usikie: "Nimekuacha! Talaka moja! Rudi kwenu Wasini ukauze maneno huko!"

Kesho kutwa ni Arafa! Watu wanafunga, wanaomba msamaha, na ndugu yangu anamtupa mke wa miaka mingi nje kama maji ya vyombo. Hawakujaliwa mtoto, hilo kila mtu analijua, na ndiyo maana alijua hakuna wa kumlilia. Na kumtoa nyumbani! Mke aliyeachwa talaka moja anakaa eda katika nyumba ile ile ya mumewe, hatolewi. Mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Mjomba, anayewasomesha watoto wa chuoni, alikuwa amesimama kwenye uzio. Nikamwambia: "Mjomba, sema neno." Akasema mume ndiye mwenye nyumba yake.

Mume ndiye mwenye nyumba! Na shamba la mama lina wenyewe wangapi?

Nilikusanya nguo zile moja moja. Nikalibeba sanduku kichwani mbele yao wote. "Bushra, twende. Ardhi hii ni ya mama yangu, na mimi nakukaribisha. Eda yako utakaa hapa hapa, na hatua zako hazitatoka nje ya shamba alilokuolea mumeo."

Juni 7

Idd. Tumekula biriani wawili. Ilikuwa na chumvi nyingi, hakuna aliyesema.

Juni 19

Bushra anaamka kabla yangu. Anafungua neti, anafunga neti, anaokota wadudu kwa vidole. Ana jicho. Aligundua nzi weupe chini ya majani kabla sijaona kitu. Hazungumzi sana. Nilikuwa nasema mdomo wake haupumziki, na sasa natamani aseme.

Julai 2

Maua. Hayapukutiki.

Julai 11

Swabir anapita akitazama upande wa pili. Nilimwita jina lake la utoto, alilompa mama. Akaongeza mwendo.

Julai 24

Nyanya za kwanza zimeanza kuwa na rangi. Nilimpelekea mpishi moja, nikaiweka mezani kwake bila neno. Akaikata, akanusa, akatia chumvi, akala yote amesimama. "Lini?" Nikasema wiki mbili. Sikuwa na furaha niliyoitarajia. Bushra alikuwa nyumbani peke yake.

Agosti 1, Ijumaa

Mjomba alikuja baada ya sala, akapiga hodi, akakaa. Bushra alijifungia chumbani. Mjomba alizungumza taratibu, kwa ile sauti.

"Eda ya huyu mwanamke inakaribia kwisha, Twaiba. Ikiisha, hakuna tena kurejeana bila ndoa mpya. Yeye hana mtoto, hana baba, kaka zake Wasini wana shida zao. Swabir ananisikiliza mimi. Nikimwambia amrejee, atamrejea kesho."

"Basi mwambie, mjomba. Ni wajibu wako."

"Nitamwambia. Nawe king'oe kibanda chako na miche yako, urudi nyuma. Yule bwana bado anapataka mahali pale. Tumalize haya mambo yote kwa mara moja, kila mtu apate amani yake."

Nilimtazama mzee huyu. Nimemtazama tangu nikiwa mtoto, lakini leo ndiyo nimemwona. Ndoa ya mtu ameiweka kwenye mizani na nguzo zangu za mvinje, na ushungi wangu haukutosha kuficha uso wangu. Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtu hamwambii kaka wa mama yake. Badala yake nilisema nitafikiri, kwa sababu nilisikia kitanda chumbani kikilia, nikajua Bushra anasikiliza.

Hakuniuliza kitu jioni nzima. Alikuna nazi, akapika, akala kidogo. Kisha akaniuliza kama Swabir bado anakohoa asubuhi. Bado anampenda. Jamani, bado anampenda yule mpumbavu.

Agosti 3

Sikulala, nikaamua. Kulipopambazuka nilichukua koleo nikaenda mbele. Nyanya zimening'inia nyekundu kila upande, harufu yake imejaa mle ndani. Nilisema Bismillahi, nikaanza kukata waya wa nguzo ya kwanza. Niwe na nyanya, naye alale peke yake maisha yake yote kwa kosa la kuniambia ukweli? Hiyo si haki. Nilikuwa nalia kwa hasira, waya haukatiki, koleo butu.

Bushra akanishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Narudi nyuma. Atakurejea, Mjomba kaahidi."

Alininyang'anya koleo. Sijapata kumwona hivyo. Akalitupa mbali nje ya neti.

"Nani kakutuma uninunulie mume? Mimi nataka kurejewa, wifi. Sikufichi. Kila siku namsikia akifungua mlango na moyo unaruka. Lakini akinitaka njia anaijua, ni hatua chache, na haipiti kwenye nguzo zako. Nilitupwa nje kwa ajili ya mahali hapa. Ukipatoa, mimi nilitupwa kwa ajili ya nini?"

Nikakaa chini kwenye tuta. Ukweli wake ulikuwa mkubwa kuliko hasira zangu zote za msimu huu. Akaukunja tena ule waya nilioanza kuulegeza, akaukaza mpaka ukalia.

"Ukiigusa nguzo hata moja," akasema, "usiniite tena wifi."

Agosti 4

Nimemjibu Mjomba: hapana. Neno moja tu. Kumbe ni jepesi hivyo.

Agosti 8

Mavuno ya kwanza. Mpishi amechukua yote.

Agosti 20

Eda imekwisha jana. Swabir hakuja. Alikaa ukumbini kwake kutwa nzima, mlango wazi, tukimwona na yeye akituona. Magharibi akaufunga. Nilisimama niende nikamtoe kwa kumvuta masikio, Bushra akasema, "Mwache," kisha akalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sikumwambia nyamaza.

Leo asubuhi sikumkuta ndani. Nilimkuta mbele, pembeni mwa kivungulio, ameshika jembe, amekwisha kata nyasi sehemu ya mraba.

"Umesema ardhi ni ya mama yako na umenikaribisha," akasema. "Kweli au maneno?"

"Kweli."

"Basi mwite Charo. Chumba changu nakitaka hapa."

Nikatazama nyuma yangu. Kutoka hapo hadi mlango wa Swabir hapana kitu, hapana mti wala ukuta. "Bushra, hapo atakuona kila akifungua mlango."

"Ndiyo," akasema, akainua jembe. "Ndiyo maana nimepachagua."